Mvumo, Mwangwi na Besi Iliyopotea: Kutafuta Kosa Studio Kabla ya Kukimbilia Programu

Kazi nyingi ninazoletewa "nizisafishe" hazisafishiki. Mtu karekodi kwaya nzima Jumamosi, kawalipia nauli watu kumi na wawili, kisha ananitumia mafaili. Nyuma kuna mvumo, mbele kuna mwimbaji anayesikika kama kajifungia ndani ya pipa. Anataka niweke programu fulani aliyoiona YouTube. Mimi huanza na swali moja: mlipokuwa mnarekodi, chaja ya laptopu ilikuwa imechomekwa?

Njia ya sauti ni fupi. Mdomo au nyuzi, chumba, maiki au pikapu (hii ya gitaa, si ile ya kubebea mchanga), kebo, boksi la DI kama lipo (kiboksi kinachoandaa sauti ya gitaa au kinanda iingie kwenye mlango wa maiki), saundikadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), kompyuta. Kosa limekaa mahali fulani humo, na mara nyingi limekaa mwanzoni. Ukilitafuta, badilisha kitu kimoja, sikiliza, kisha rudisha kama kilivyokuwa. Ukibadilisha kebo, maiki na tundu kwa mkupuo, tatizo likiisha hutajua lilikuwa nini, na wiki ijayo litarudi na mteja mwingine. Sikiliza kwa hedfoni zinazofunika sikio zima. Spika hukuonyesha makosa ya chumba chako pamoja na makosa ya rekodi, na hutaweza kuyatenganisha.

Maiki haitoi kitu

Kama ni kondensa, ile maiki nyeti ya studio inayotaka umeme, angalia kitufe cha 48V kwenye saundikadi. Bila huo umeme kondensa nyingi za studio haziamki. Dainamiki, ile ya jukwaani, haihitaji, na kebo ikiwa nzima 48V haiidhuru. Maiki za riboni ndizo za kuogopea: zikikutana na kebo mbovu huku 48V imewashwa, utepe wake mwembamba unaweza kuharibika, kwa hiyo zima kwanza ndipo uchomeke.

Kama 48V imewaka na bado kimya, badilisha kebo. Nina kebo moja niliyoifunga utepe mwekundu, ambayo najua ni nzima na haitoki studio hata kwa kuombwa. Hiyo ndiyo hakimu wangu. Kebo inayofanya kazi ukiikunja upande mmoja tu imeachia lehemu ndani ya jeki. Fungua, chomelea upya, dakika kumi kazi imekwisha. Kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi hula jeki pia. Ukiona madoa ya kijani, sugua kwa kitambaa chenye spiriti.

Kuna pia zile kondensa za bei rahisi zinazouzwa na waya wa kuchomekwa moja kwa moja kwenye tundu dogo la kompyuta. Zitatoa sauti, lakini ya chini yenye mchirizo mwingi, kwa sababu tundu lile hutoa volti chache tu. Ipe kebo ya XLR, ile ya pini tatu, na 48V ya kweli kabla hujaihukumu.

Kuna mvumo

Usiseme tu "inavuma". Sikiliza inavuma vipi, maana mivumo haifanani.

Mvumo mzito, wa chini, ambao hautikisiki hata mtu akihama na gitaa lake, mara nyingi ni mzunguko wa waya wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa kwa kebo ya sauti na wakati huohuo vimeunganishwa tena ukutani kupitia ethi, halafu mkondo mdogo unazunguka humo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na 50 Hz ni jirani wa mlango na noti ya G ya chini kwenye besi, freti ya tatu ya uzi mnene, ambayo ni 49. Ndiyo maana ukijaribu kuukata mvumo huo kwa ikwalaiza unaondoka na besi yako. Na haukai hapo tu, una watoto kwenye 100, 150 na kuendelea.

Jaribio la kwanza halina gharama: chomoa chaja, laptopu ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukikatika hapohapo, umempata mhalifu. Rekodi kwa betri, au weka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima, ili vyote vitumie njia moja ya kwenda ardhini. Kama mvumo unakuja tu unapounganisha amplifaya ya gitaa na saundikadi, pitisha kwenye boksi la DI na ubonyeze kitufe cha kukata ethi. Kitufe hicho hukata ethi ya kebo ya sauti peke yake. Ethi ya umeme inabaki.

Hapo nisimame kidogo. Wapo mafundi wanaotibu mvumo kwa kung'oa pini ya juu ya plagi, na wapo wanaochomeka plagi ya pini mbili kwenye soketi ya pini tatu kwa kutumbukiza kalamu tundu la juu. Mvumo unaweza kuisha kweli. Siku amplifaya ikipata hitilafu, anayekuwa ethi ni mpiga gitaa, mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki. Mwimbaji akikwambia maiki inamchoma midomo kidogo kama betri iliyolambwa, usimcheke. Zima kila kitu, muite fundi umeme apime soketi.

Mvumo wenye makali kidogo, unaopungua mpiga gitaa akigeuka, ni wa pikapu ya koili moja inayodaka sumaku za transfoma. Mwambie azunguke taratibu kwenye kiti mpaka apate upande ulio kimya, halafu chora alama ya chaki sakafuni. Ndiyo, chaki. Ukipungua akishika nyuzi, gitaa lenyewe ni zima, ila linadaka kelele za hewani: taa, chaja, skrini. Ukiongezeka akishika nyuzi, waya wa ndani umeachia au umegeuzwa, gitaa lifunguliwe.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya ni kompyuta inayochafua umeme wa USB. Hamisha saundikadi kwenye tundu lingine, ipe umeme wake kama inao mlango huo. Ule wa "di-di-dit, di-di-dit" ni simu ya mtu mfukoni. Zitoke nje zote, na ya kwako. Na kama umeme umekatika ukahamia inverta ya bei nafuu, ule mnguruko wenye miiba unatokana na wimbi lake lisilo laini, na hakuna kebo itakayouondoa. Subiri umeme urudi, au endesha laptopu na saundikadi kwa betri tu.

Gitaa au besi imevikwa blanketi

Alikuja mzee mmoja mpiga besi wa dansi, fulana imepigwa pasi, gitaa limefungwa kwenye shuka. Kijana wangu alimchomekea nyuma ya saundikadi kwa sababu matundu ya mbele yalikuwa na maiki. Sauti ikatoka nzito, butu, kila noti kama imekanyagwa.

"Mzee, shikamoo. Hebu gusa kitufe cha trebo."

"Marahaba. Kimefunguliwa chote, mwanangu. Hili gitaa limepiga kumbi zote za mji huu, halijawahi kuwa bubu."

Gitaa halikuwa na kosa. Pikapu ya kawaida isiyo na betri ni dhaifu, inataka tundu lisiloivuta: ukinzani wa ohmu milioni moja hivi. Tundu la laini, lile la vifaa vyenye sauti iliyokwisha kuwa na nguvu kama kinanda, huwa na takriban elfu kumi. Ukiichomeka huko, kinachokufa kwanza ni ung'aavu, halafu nguvu. Nikatoa maiki moja mbele, nikachomeka besi pale, nikabonyeza kitufe kilichoandikwa INST. Vingine huandikwa Hi-Z. Mzee akapiga kipande kimoja, akanitazama juu ya miwani, akaendelea kupiga bila kusema neno.

Kama saundikadi yako haina kitufe hicho, ndipo boksi la DI linapostahili pesa yake. Yako ya aina mbili. Lisilo na umeme lina transfoma ndani, na linafaa kinanda, laptopu, na besi yenye betri yake. Lenye umeme, linalokula 48V au betri, ndilo la gitaa lenye pikapu dhaifu, na zaidi gitaa kavu lenye pikapu ya piezo chini ya daraja. Piezo ikikosa ukinzani wa kutosha hupoteza besi yote ikabaki na mlio wa bata.

Tena, urefu wa kebo. Kutoka kwenye gitaa hadi kwenye DI usizidishe mita tano au sita, maana kila mita inakula trebo. Kutoka kwenye DI kwenda saundikadi, kwa XLR, hata mita thelathini hazina neno. Kwa hiyo boksi likae miguuni mwa mpigaji, lisikae mezani kwako.

Mwimbaji yuko ndani ya pipa

Kabla ya chumba, angalia maiki inatazama wapi. Kondensa nyingi kubwa za studio husikia kwa ubavu, upande wenye nembo. Nimeshuhudia solo nzima ya Injili ikiimbwa kwenye kichwa cha maiki kana kwamba ni aisikrimu, na nyingine ikiimbwa mgongoni kwake. Sauti inaingia ikiwa mbali, imefifia, na chumba kimejaa. Geuza, uone.

Kama imegeuzwa vizuri na bado kuna mwangwi wa karibu, ule wa bafuni, kosa ni kuta. Vyumba vyetu ni matofali ya saruji, sakafu ya vigae, dirisha la kioo. Piga kofi moja: ukisikia "trrring" nyuma ya kofi, maiki nayo inausikia. Kosa la karibu kila mtu ni kutundika godoro nyuma ya maiki. Maiki ya kadioidi haisikii vizuri mgongoni, inasikia mbele, na mbele yake kuna mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta unaorudisha sauti moja kwa moja. Godoro likae nyuma ya mgongo wa mwimbaji, la pili ubavuni kama lipo. Khanga peke yake haifanyi kitu cha maana, ni nyepesi mno. Blanketi zito au mfarishi uliokunjwa mara mbili na kuachwa kiganja kimoja kutoka ukutani hufanya kazi ya kushangaza. Kabati la nguo lililofunguliwa milango, limejaa, nyuma ya mwimbaji, nimelitumia kwenye rekodi zilizopigwa redioni.

Halafu sogea karibu. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda kwa desibeli 6 hivi huku chumba kikibaki palepale. Kutoka sentimita 40 mpaka 20, kisha 10, umepata desibeli 12 za bure. Ila ukikaribia mno, kadioidi hunenepesha besi mpaka mwimbaji anakuwa mtangazaji wa usiku. Mimi huanzia sentimita 15, shubiri isiyonyooshwa sana.

Mchirizo nyuma ya sauti laini

Dainamiki ya jukwaani kama Shure SM58 hutoa milivolti zisizofika mbili kwa sauti ambayo kondensa nyingi hutoa ishirini au zaidi. Tofauti hiyo lazima ijazwe na geini ya saundikadi (kitufe cha kukuza sauti inayoingia), na za bei ya chini zikipandishwa mpaka mwisho hutoa "shhh". Dawa ni kusogea, si kupandisha. Kama mwimbaji ananong'ona na hataki kusogea, badilisha maiki.

"Mpenzi" inapasua, "sisi" inachoma

Lugha yetu ina P na B za kutosha, na nyimbo zetu zina "mpenzi" kila mstari wa pili. Ule mpumuo ni upepo unaopiga maiki, na hauondoki ukishauruhusu uingie. Weka kiganja mbele ya mdomo, sema "pole pole", utasikia upepo unakopita: unakwenda mbele na chini kidogo. Basi pandisha maiki ifike usawa wa pua, iinamie mdomo. Kichujio cha upepo kinauzwa, lakini soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya hanga ya waya iliyokunjwa duara hufanya kazi ileile, sentimita 7 au 8 mbele ya maiki.

S, SH na CH zikichoma, geuza maiki pembeni kiasi cha vidole viwili, isitazame meno. Watu wenye mwanya hunisamehe, lakini nao ndio wanaonisumbua zaidi hapa.

Inakwaruza mwimbaji akipanda

Hii imekatika vichwa: sauti imezidi uwezo wa saundikadi, vilele vya mawimbi vikakatwa. Kushusha sauti kwenye programu hakusaidii, kwa sababu mkato ulitokea kabla. Mara nyingi tuliweka geini kwa "halo, halo, moja mbili", na mtu hasemi halo kwa nguvu anayopigia kiitikio. Mwambie aimbe palipo juu kuliko kote, kwa moyo, na weka geini hapo vilele vifike kama desibeli −12 kwenye mita ya programu. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kusukuma zaidi. Ikiwa hata geini ikiwa chini kabisa bado inakwaruza, hasa kwenye ngoma au kinanda, umemwingiza mtu wa laini kwenye mlango wa maiki. Bonyeza kitufe cha PAD, kinachopunguza sauti inayoingia, au hamia tundu la laini.

Kinanda kina kituko kingine. Ukichomeka tundu la kulia peke yake unapata nusu ya sauti. Waya ukiwa mmoja, uingie kushoto, panapoandikwa L/MONO.

Besi imepotea tulipochanganya DI na maiki

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, maana kila treki peke yake ni nzuri. DI ni safi, maiki ya mbele ya amplifaya ina mwili. Ukizifungua pamoja, besi inakonda kuliko ilivyokuwa ikiwa moja.

Umeme wa DI unafika papo hapo. Sauti ya spika lazima isafiri hewani kufika kwenye maiki, kiasi cha sentimita 34 kwa kila milisekunde. Maiki ikiwa sentimita 34 kutoka kwenye koni, inachelewa milisekunde moja, na milisekunde moja inatoboa shimo kwenye 500 Hz, lingine 1500, lingine 2500. Sauti inakuwa na uwazi, kama inayopita kwenye mwanzi. Na kama moja ya hizo treki imegeuka, koni inasukuma nje wakati DI inaonyesha ndani, chini kabisa ndiko kunakofutika.

Anza na kitufe cha kugeuza fazi (kinachopindua wimbi, juu kuwa chini), chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Kibonyeze kwenye treki moja tu. Besi ikinenepa, acha hapo. Kisha kuza mawimbi, tafuta mwanzo wa noti moja iliyopigwa kwa nguvu, pima pengo. Kwa 48 kHz, milisekunde moja ni sampuli 48. Ivute treki ya maiki kushoto, ianze mapema zaidi, mpaka vilele vya kwanza vilingane. Usiamini macho peke yake. Sogeza sampuli chache huku na huku na usikilize panapojaa zaidi.

Jambo hilohilo linatokea kwa maiki mbili kwenye chombo kimoja. Msondo uliowekewa maiki juu na nyingine chini karibu kila mara unataka ya chini igeuzwe, maana ngozi ikishuka inaiendea maiki moja na kuikimbia nyingine. Kwa waimbaji wawili walioketi pamoja, maiki ya jirani iwe mbali angalau mara tatu ya umbali wa maiki yako mwenyewe. Udi na gitaa kavu mimi hupenda maiki moja tu, sentimita 30, ikielekea pale shingo inapokutana na tumbo. Ukielekeza kwenye tundu utapata mvumo mnene usio na mlio wa nyuzi.

Na kama besi inasikika nono studio lakini kwenye gari la mteja haipo, DI haina kosa. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kinavimba kwenye 57 Hz hivi, jirani wa A ya chini, na pande zote mbili zinavimba pamoja. Unasikia besi ya chumba, unaishusha kwenye miksi, mteja anaondoka na iliyobaki. Hedfoni tena.

Mwimbaji kasikia sauti yake mara mbili

Umewasha usikilizaji wa moja kwa moja wa saundikadi na ule wa programu kwa pamoja. Zima wa programu. Kama unautaka ule wa programu, shusha bafa (sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kutoa sauti) iwe 128. Kwa 1024 mwimbaji anajisikia akiwa nyuma ya biti na ataanza kuimba nyuma kweli.

Biti imeingia, sauti za katikati hazipo

Msanii analeta biti kwenye simu, mnaitoa kwa waya wa stereo na kuichomeka kwenye tundu moja la saundikadi. Kiki imepotea, besi imepotea, mwimbaji wa mfano kabaki mwangwi tu. Tundu lile huchukua tofauti kati ya pini mbili, na kila kilichokaa katikati ya stereo kiko sawa kwenye pini zote mbili, kwa hiyo kinajifuta. Tafuta waya unaogawanyika, kushoto na kulia, matundu mawili. Au omba faili atume kwa WhatsApp kama dokumenti.

Kondensa inakaanga

Mlio kama mafuta ya vitumbua, unaokuja na kuondoka, hasa asubuhi za masika. Unyevu umeingia kwenye kapsuli. Usiipulize, usiianike juani. Iweke kwenye boksi linalofunga, pamoja na vile vifuko vya chembe za silika vinavyokuja na viatu vipya, usiku mzima. Mimi huomba vifuko hivyo kwa muuza viatu wa jirani, na kila vikishalewa maji nabadilisha. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache nusu saa ndani ya boksi lake kabla ya kuwasha 48V.